Mradi wa Sunglow: kumpima boa jike mwenye "labda" mbili

Oktoba 2022

Jike wa mradi huu, nyoka aina ya boa, ametimiza miaka minne na uzito umepita kilo nne, kwa hiyo msimu huu anapandishwa. Nilimnunua akiwa mdogo, na kadi aliyokuja nayo ilikuwa na "labda" mbili. Ya kwanza: huenda ana nakala mbili za jeni ya hipo, ile inayopunguza weusi wa rangi, si moja. Ya pili: huenda amebeba jeni ya albino, ile inayoondoa weusi wote, bila kuonekana, asilimia 66. Kazi ya mradi ni kuzigeuza labda hizo ziwe ndiyo au hapana, na njiani, Mungu akijalia, kupata Sunglow wa kwangu mwenyewe, yaani boa ambaye ni albino na hipo kwa pamoja.

Dume nitakayempa ni albino wa ukoo uitwao Kahl (koo nitazieleza mbele), hana hipo kabisa. Ndiyo maana nimemchagua. Ukitaka kujua jike ana nini, mpe dume ambaye hana cha kukuchanganya.

Boa hawa asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Wale wanaouzwa sana hapa Marekani damu yao kubwa ni ya Kolombia, na wanasayansi siku hizi huwaita Boa imperator, ingawa kwenye meza za wauzaji utaona bado Boa constrictor. Mama yangu akipiga simu kutoka Muheza huniuliza habari za "hilo chatu lako". Nimeacha kubisha, lakini hapa niseme: chatu hutaga mayai akayazungukia mpaka yaanguliwe, boa huzaa watoto hai. Hata sheria ya Marekani imewatenga. Chatu wa Afrika yuko kwenye orodha ya wanyama haribifu wa serikali kuu tangu 2012, na kumwingiza nchini ni marufuku. Boa naye alipendekezwa, ila uamuzi wa 2015 ulipotoka ukamwacha nje. Asingeachwa, shajara hii isingekuwapo.

Oktoba, baadaye kidogo

Ameniuliza kijana mmoja wa Kikenya anayefuga hapa Indiana: "Kaka, kama hipo ni jeni tawala, mbona boa wote wa Kolombia hawajawa hipo? Si ingeshatawala?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Tawala haina maana ya nguvu, wala wingi, wala ubora. Inasema jambo moja tu: nakala ngapi zinatosha rangi ionekane. Kila mtoto anapewa nakala moja na mama na moja na baba. Jeni tawala ikiwa moja tu kati ya hizo mbili, unaiona. Jeni fifi ikiwa moja, huioni. Lazima ziwe mbili. Boa mwenye nakala moja ya hipo akipandishwa na wa kawaida, nusu ya watoto watakuwa hipo na nusu wa kawaida, na kesho vivyo hivyo, na kizazi kijacho vivyo hivyo. Haiongezeki yenyewe. Inayoongezeka ni ile tunayoichagua sisi, kwa sababu hipo anauzika.

Sasa rangi zenyewe. Boa wa kawaida ana weusi, ana wekundu, ana manjano. Albino ni kanga iliyopita kiwandani bila kupigwa rangi nyeusi: michoro yote ipo mahali pake, nyekundu na manjano zipo, ila palipopaswa kuwa peusi pamebaki peupe au zambarau hafifu. Macho mekundu. Hipo yeye weusi anao, ila kidogo. Yale madoa makubwa ya mgongoni, tunayoyaita matandiko, yanakuwa ya kahawia safi bila kingo nyeusi, na mkia unabaki mwekundu bila pete nyeusi zinazouzunguka kwa boa wa kawaida.

Albino ni fifi. Hipo ni tawala. Ugumu wa hipo ni kwamba mwenye nakala moja na mwenye mbili wanafanana mno. Wapo wanaodai kumtambua mwenye mbili, ambaye wafugaji humwita "super", kwa weupe wa uso au usafi wa ubavu. Nimewatazama wengi na sitoi pesa yangu kwa ushahidi huo.

Novemba 2022

Hizo asilimia 66 zinawachanganya watu mpaka leo, kwa hiyo naandika ilivyo.

Wazazi wa jike wangu wote wawili walikuwa hipo wenye nakala moja, na wote wawili heti wa albino. Heti ni yule aliyebeba nakala moja ya jeni fifi, haionekani, lakini anaweza kumrithisha mtoto. Wazazi wawili heti wakikutana, kati ya watoto wanne kwa wastani mmoja ni albino, wawili ni heti na mmoja hana kitu. Albino unamwona siku anayozaliwa, unamtoa pembeni. Wamebaki watatu wanaofanana kama mapacha, na wawili kati yao wamebeba. Mbili kwa tatu: asilimia 66.

Kwa hiyo si kwamba nyoka ana theluthi mbili za jeni. Ana nakala au hana. Asilimia ni kipimo cha kutojua kwetu sisi, yeye anajijua.

Hesabu ya hipo ni ileile ukiigeuza. Kati ya watoto watatu walioonekana hipo kwenye mzao ule, mmoja ana nakala mbili. Kwa hiyo "super" ni theluthi moja, na aliyeniuzia, namshukuru, aliandika hivyo hivyo bila kupamba.

Dume ameingizwa kwa jike wiki hii. Joto la usiku nimelishusha mpaka nyuzi 22 hivi, mchana sehemu ya kuotea inarudi kwenye 31. Dume ana kucha mbili ndogo kandokando ya tundu la haja, mabaki ya miguu ya kale, na anamkwaruza nazo jike mgongoni polepole. Ukikaa chumbani kimya unazisikia zinapita juu ya magamba.

Desemba 2022

Bado wanapandana. Wakati nasubiri, jambo la koo za albino, maana limewaunguza wengi.

Hapa Marekani kuna koo mbili mashuhuri za albino kamili: wa Kahl na wa Sharp, kila mmoja umeitwa kwa jina la mfugaji aliyeuanzisha. Mzoefu hukuambia wa Sharp kwa kumwangalia, mgeni haoni tofauti. Mtu akimchukua albino wa Kahl akampandisha na albino wa Sharp, akitarajia banda zima la albino, anapata watoto wa kawaida watupu. Weusi wao kamili, macho yao kamili.

Hakuna uchawi wala jike hakuchepuka. Kutengeneza rangi nyeusi ni kazi ya jeni kadhaa zinazopokezana. Kwa Kahl imeharibika jeni moja, kwa Sharp nyingine. Mtoto wa Kahl na Sharp amepata kwa baba nakala nzima ya ile iliyoharibika kwa mama, na kwa mama nakala nzima ya ile iliyoharibika kwa baba. Ana nzima moja ya kila upande, na moja inatosha. Weusi unarudi. Watoto hao ni heti wa albino mbili tofauti, na sokoni ni kichefuchefu, kwa sababu kila atakayewanunua atarithi mkanganyiko.

Kwa nyoka wengine mambo haya yamechunguzwa mpaka kwenye jeni yenyewe. Timu ya Geneva ilionyesha mwaka 2015 kwamba nyoka wa mahindi asiye na weusi ameharibika jeni iitwayo OCA2. Kwa chatu mpira wa Afrika Magharibi, utafiti wa 2022 uliwakuta albino wakiwa wameharibika jeni nyingine, TYR. Rangi inayoondoka ni moja, njia ya kuondoka si moja. Ndiyo maana kadi iliyoandikwa "heti albino" bila kutaja ukoo mimi naihesabu kama kadi tupu.

Machi 2023

Mwishoni mwa Februari jike alivimba katikati ya mwili kama aliyemeza sungura mzima, na kesho yake uvimbe haupo. Hiyo ndiyo siku mayai yaliposhuka. Wiki hii amejivua gamba. Wafugaji wanahesabu kuanzia gamba hili: siku 105 hivi mpaka kuzaa, wengine huwahi, wengine huchelewa wiki mbili. Dume ametolewa. Jike amekataa panya na analala juu ya joto mchana kutwa, tumbo kageuza juu kidogo.

Naandika utabiri kabla watoto hawajaonekana, ili baadaye nisije nikaupinda kufuata matokeo.

Kama jike ni heti wa albino, nusu ya watoto watakuwa albino, kwa sababu baba hana kingine cha kutoa ila albino. Albino mmoja tu akitoka, swali limekwisha. Hakuna haja ya wawili. Lakini nisipomwona hata mmoja, hapo ndipo idadi inapokuwa na kazi. Kila mtoto wa jike heti ana nusu kwa nusu ya kutokuwa albino. Watoto saba mfululizo bila albino ni nafasi moja katika 128. Mzao ukiwa wa watoto watatu, kama wanavyozaa majike wengine mara ya kwanza, siwezi kusema lolote: moja katika nane hutokea kila siku.

Hipo inakwenda kinyume. Akitoka mtoto mmoja tu wa kawaida, asiye hipo, basi jike ana nakala moja, na ile labda ya super imekufa hapohapo. Wakitoka hipo watupu, uhakika unajengeka mtoto kwa mtoto na haufiki mia kwa mia.

Mei 2023

Bado tumbo. Leo nimerudia kusoma kisa kinachofaa kukaa kwenye shajara hii.

Warren Booth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waliripoti kisa cha boa jike aliyezaa bila baba. Mizao miwili, mabinti 22, hakuna dume hata mmoja. Mama alikuwa na rangi adimu ya jeni fifi, ya karameli, na mabinti wote walikuwa nayo. Hilo ndilo lililowashtua, kwa sababu madume waliokuwa wamewekwa naye hawakuwa nayo. Vipimo vya DNA vikathibitisha kwamba hakuna dume aliyechangia.

Wakati ule iliaminika kwamba jinsia ya boa inaamuliwa kwa mfumo wa Z na W kama kuku: dume ni ZZ, jike ni ZW. Kwa mfumo huo mabinti wale walikuwa kioja, ikabidi wasemwe kuwa ni WW. Kisha 2017 ikachapishwa kazi ya Tony Gamble na wenzake kwamba boa na chatu wana X na Y, kama sisi. Ukisoma upya kisa cha Booth kwa macho hayo, kioja kinayeyuka: mama ni XX, hana Y ya kumpa mtu, atazaa nini kama si mabinti?

Kwa mradi wangu hii ina faida ya moja kwa moja. Jike akijizalia mwenyewe, hesabu zangu zote za baba albino hazina maana. Dume mmoja akionekana kwenye mzao, ujue kuna aliyeleta Y.

Julai 2023: wamezaliwa

Asubuhi nimefungua mlango wa chumba, harufu imenipokea kabla ya taa.

Wako 19 hai. Mmoja amezaliwa mfu, ameumbika nusu. Na mayai manne yasiyorutubishwa, ya manjano, magumu kama nta. Watatu walikuwa bado ndani ya utando, unauona mwili umejikunja ndani kama kamba kwenye mfuko wa nailoni, na moyo unaruka chini ya koo. Mmoja alisukuma kwa pua, utando ukapasuka kwa mstari mdogo, ukatoka ulimi kwanza, halafu kichwa, halafu akapumzika hapohapo muda mrefu, kana kwamba kichwa kinatosha kwa leo.

Nilikuwa nimeshaona macho mekundu kabla sijahesabu mtu. Labda ya pili imekwisha: jike ni heti wa Kahl.

Nimewaosha kwa maji ya vuguvugu, nimewapanga juu ya karatasi nyeupe, hawa wenye weusi huku na albino kule. Albino 8, wenye weusi 11. Na wale 11, mmoja baada ya mwingine chini ya taa: mkia mwekundu bila pete nyeusi, matandiko ya kahawia bila kingo. Nimewapitia mara mbili nikimtafuta wa kawaida. Hayupo. Wote hipo.

Julai, siku chache baadaye

Kijana wa Kikenya alikuja kuona, akapiga hesabu haraka: "Kumi na tisa wote hipo! Jike wa nakala moja kupata hivyo ni moja katika laki tano na kitu."

Nikamwambia hesabu yake ni sahihi ila watoto aliowahesabu si sahihi. Mimi natumia 11 tu. Wale 8 albino siwezi kuwaita mashahidi, kwa sababu kazi ya hipo ni kupunguza weusi, na albino hana weusi wa kupunguzwa. Jeni moja imemfunika mwenzake. Sunglow ukimweka kando ya albino wa kawaida unaona tofauti: wa kwanza rangi yake ya chungwa imeenea na matandiko yametulia, wa pili matandiko yamekatwa kwa mistari myeupe iliyo wazi. Hawa wangu wote wanane wanaonekana Sunglow kwangu. Lakini mimi ndiye mwenye mradi, na jicho la mwenye mradi huona anachokitaka.

Hao 11 wanatosha. Jike mwenye nakala moja kutoa hipo 11 mfululizo ni nafasi moja katika 2,048. Nimemwandika super kwenye kadi yake, kwa kalamu ya wino. Na kwa kuwa mama ni super, wale wanane ni Sunglow kwa ukoo. Jicho langu linabaki msindikizaji.

Agosti 2023

Wamejivua gamba la kwanza na kula. Panya wachanga waliogandishwa, nawayeyusha kwa maji moto, wengi wameshika kwa mara ya kwanza. Wawili wamegoma, nimewawekea boksi dogo lenye giza na mmoja amekubali. Nimewapima jinsia: madume 10, majike 9. Habari ya kujizalia tuifunge.

Sasa kadi za kuuzia. Hipo wote 11 nimewaandika: "Hipo, nakala moja. Heti albino wa Kahl, asilimia 100." Hakuna 66 hapa, kwa sababu baba ni albino na amempa kila mtoto nakala moja bila kukwepa. Wala hakuna "huenda super": baba hana hipo, kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kuwa na mbili. Mnunuzi mmoja alinishawishi niandike "huenda super" kwa wale watatu weupe zaidi, bei ipande kidogo. Weupe wao ni wao, wapo boa hipo weupe na wapo waliokolea. Nikamwonyesha mlango kwa heshima zote.

Januari 2024

Nimebakiza majike wawili Sunglow. Hatua ijayo ni Moonglow, ambaye ni albino, hipo na aneri kwa pamoja. Aneri ni jeni fifi inayoondoa wekundu. Boa anabaki wa kijivu na nyeusi. Ukiziweka albino na aneri pamoja unapata Snow, ukiongeza hipo unapata Moonglow, mweupe wa waridi hafifu ambaye ukubwani anakaribia kutokuwa na mchoro.

Njia wanayoipita wengi ni kuchukua hipo wawili waliobeba albino na aneri kwa siri, wakawapandisha. Hesabu yake: robo tatu ya hipo, mara robo ya albino, mara robo ya aneri, ni Moonglow 3 katika kila watoto 64. Mzao wa watoto ishirini unaweza kupita bila hata mmoja, na utakuwa umesubiri miaka.

Mimi nitamleta dume Snow. Watoto wake na jike wangu Sunglow wote watakuwa albino, wote heti wa aneri, nusu Sunglow. Nikichukua binti Sunglow kutoka hapo nikampandisha tena na Snow asiye ndugu yake, albino imeshatulia, kinachobaki ni nusu ya hipo mara nusu ya aneri: Moonglow mmoja katika wanne. Gharama yake ni kizazi kimoja zaidi, na jike wa boa anataka miaka minne. Napendelea kusubiri kwa hesabu nzuri.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisitie Motley humo, inapendwa. Motley ni tawala pungufu: nakala moja inabadili michoro ya mgongo ikawa kama ngazi, nakala mbili zinatoa boa mweusi karibu mzima. Super hao wana sifa mbaya ya kufa wakiwa wadogo. Anayetaka anaweza kuepuka kwa kutopandisha Motley kwa Motley, ila mradi wangu una mambo matatu ya kufuatilia, la nne silihitaji.

Machi 2024

Maonyesho ya Tinley Park, nje kidogo ya Chicago. Meza ya kwanza yenye Snow, nikamuuliza muuzaji ukoo wa albino. Akasema, "Albino ni albino." Nikasogea.

Meza ya tatu mzee mmoja hakungoja swali. Kadi yake imeandikwa Snow, Kahl, na nyuma ameandika namba za mama na baba na mwaka wa mzao. Dume wa miezi tisa, anakula, mkia mzima, mdomo safi. Tukaelewana bei.

Yuko chumba cha peke yake, miezi mitatu ya karantini, vyombo vyake na koleo lake. Atakuwa tayari kupanda kabla ya majike wangu kukua, kwa hiyo mwakani nitamjaribu kwanza kwa yule mama yao, super. Naye hana aneri kwenye karatasi zake, ila karatasi zake hazikuwahi kusema hana. Watoto wakitoka wa kijivu hata mmoja, kadi yake itabidi iandikwe upya.